Ardith na Makumbusho ya Mikanda Miwili

Ukitaka kumjua mtu wa Havelund, mkatie keki. Mwambie, "Karibu kipande." Atasema, "Aa, hapana, nimeshiba." Muongo, hajashiba. Mkaribishe tena. Atasema, "Usijisumbue, kweli tena." Hapo mate yanamjaa mdomoni. Mkaribishe mara ya tatu, ndipo atakapovuta kiti na kusema, "Haya basi, kadogo tu," na hako kadogo atakamaliza na sahani ataikomba. Ndivyo wanavyolelewa watu wa huku Nebraska. Anayekubali mara ya kwanza ni mroho. Anayekubali mara ya pili hakufunzwa na mamaye. Na mwenyeji asiyeuliza mara ya tatu, huyo ni afadhali asingeuliza kabisa.

Adabu nzuri, sikatai. Lakini nimeishi nao muda mrefu, na nawaambieni adabu hii inaweza kumzika mtu mzimamzima huku akisema ahsanteni.

Ardith Bruhn alilelewa hivyohivyo. Baba yake alikuwa mkulima wa mahindi, mtu wa maneno machache, na mama yake alikuwa wa machache zaidi. Ardith alipokuwa mtu mzima alipika katika jiko la shule mpaka akastaafu. Yeye ndiye aliyekuwa akipika ile supu nzito ya nyama na maharage inayoliwa na mkate wa mdalasini pembeni, na hadi leo kuna wanaume wenye vitambi na wajukuu, wakimkuta dukani, wanamwambia, "Ardith, ile mikate yako, we acha tu!" Naye hujibu, "Aa, ilikuwa mikate tu," na husogeza kitoroli chake mbele.

Mumewe aliitwa Delmar, dereva wa greda la wilaya. Huyu alikuwa kiumbe wa aina nyingine. Walionana kwenye ngoma ya mavuno. Akamwomba Ardith wacheze, Ardith akakataa kama ilivyo desturi. Akaomba tena, akakataa tena. Akaomba mara ya tatu, na kabla Ardith hajafungua mdomo akaomba ya nne na ya tano. "Nilikubali ili anyamaze," Ardith alizoea kusema, na watu walicheka kwa sababu Delmar hakunyamaza kamwe.

Delmar alizipenda barabara kama wengine wanavyopenda farasi. Na aliyoipenda kuliko zote ni ile kuukuu inayoingia mjini kwa upande wa ghala la nafaka, Barabara ya Mikanda Miwili. Zamani hizo magari yalikuwa mageni, barabara hazina namba wala vibao, na dereva aliyetoka mbali alifuata nguzo za simu tu: penye mkanda wa rangi nyekundu juu na nyeupe chini, hapo hujapotea. Kituo cha petroli cha barabara ile kilikuwa kimefungwa siku nyingi na paa lake linatazama mbingu. Delmar akakinunua, akakiezeka, akaweka ndani kila alichookota, akaandika mlangoni: Makumbusho.

Kulikuwa na pampu ya petroli yenye kichwa cha kioo. Kulikuwa na ramani, taa, tairi nyembamba, na picha kubwa ya gari lililozama topeni hadi tumboni, na kando yake babu yake Delmar ameshika nyumbu wawili, kofia upande, anacheka na kamera. Delmar hakumwacha mgeni avuke picha ile salama.

"Huyu babu alivuta magari topeni kwa malipo maisha yake yote," alikuwa akisema. "Na mvua isiponyesha je? Babu alikuwa na ndoo, bwana! Lile shimo la tope ndilo lililokuwa shamba letu bora."

"Delmar," Ardith alikuwa akisema kutoka nyuma, "mgeni hajavua hata koti."

Yeye mwenyewe barabara haikumhusu. Barabara ni barabara, inapita. Alikuja pale kufagia na kumletea mumewe chakula cha mchana. Na kila mwaka, Jumamosi ya kabla ya siku ya kuwakumbuka marehemu, watu wengine walipokuwa wakipeleka maua makaburini, alimshikia ngazi Delmar wakati akipaka upya ile nguzo ya mbele, nyekundu juu, nyeupe chini. Nguzo ilikuwa imenenepa kwa rangi.

Mwezi wa pili Delmar alifariki. Asubuhi ile theluji ilikuwa imeanguka, naye akataka kwenda kuizoa mlangoni mwa makumbusho, ingawa katika baridi ile hata mbwa asingekuja kutazama pampu.

"Twende wote, Ardith, ukanipigishe soga," alisema.

"Hapana, baridi hiyo."

"Nitakuwashia jiko."

"Nenda tu wewe."

Delmar alisimama mlangoni na ile kofia yake ya masikio, akamtazama mkewe, kisha akatoka. Ardith akabaki na kitambaa cha vyombo mkononi, akingoja. Alikuwa tayari ameshayatazama mabuti yake yalipo. Mara ya tatu haikuja. Alisikia pikapu ikiondoka. Baadaye walimkuta Delmar kwenye kiti chake kando ya jiko, koleo la theluji katikati ya magoti, kavu. Hakuwa amezoa hata kidogo.

Tangu hapo Ardith aliingia ganzi. Sisemi huzuni, maana huzuni ina sauti. Hii ilikuwa ganzi, kama mguu uliokaliwa, ukiugusa unajua ni wako lakini haukuambii kitu. Kanisani hakulia. Katika ukumbi wa chini ya kanisa, watu walipokuwa wakila sandwichi za nyama ya nguruwe, alifunga aproni akaanza kuosha vyombo vya matanga ya mumewe mwenyewe, mpaka shoga yake Twila akaja akamfungua aproni kwa nyuma.

"Ardith, kaa chini jamani."

"Vikombe vimekwisha kule."

"Viache viishe!"

Akakaa. Alitazama mikono yake imelowa, akaona kama ya mtu mwingine.

Kitu kimoja tu kilikuwa na uhai. Theluji ilipoyeyuka alifungua makumbusho siku ya Jumamosi, kwa kuwa ilikuwa Jumamosi, akaketi kwenye kile kiti. Pale palinuka mafuta na rangi. Ganzi haikuondoka, lakini ilipungua uzito, na ukimya wa pale haukuwa kama wa nyumbani. Wageni wawili watatu walipita. Mmoja alisimama mbele ya picha ya nyumbu, na Ardith akasikia mdomo wake ukisema, "Huyo ni babu yake mume wangu. Alikuwa na ndoo." Aliisimulia vibaya, akatanguliza mwisho, mgeni hakucheka. Lakini Ardith alirudi nyumbani akala chakula chote. Jumamosi iliyofuata alifungua tena, na nyingine. Akajua, bila kumwambia mtu, kwamba hapa duniani anataka jambo moja tu: nyumba ile isifungwe.

Haya. Sasa sikilizeni kamati.

Kamati yenyewe, ile ambayo Delmar aliikabidhi makumbusho tangu zamani, ilikuwa watu watatu: Ardith, Twila, na Gaylen Mohr, binamu yake Delmar, mkulima, ndiye mwenyekiti. Walikutana palepale makumbusho asubuhi moja kabla ya msimu wa kupanda. Twila alileta vitafunio vya shayiri na chokoleti, akawakaribisha mara tatu. Gaylen alizungusha kofia yake mikononi muda mrefu, akaanza na mvua, akaja kwenye bei ya mbegu, mwisho akafika.

"Kuna hili jambo la wale wa wilaya," alisema. "Wana jumba jipya la makumbusho kule mjini kwao. Wanasema watachukua kila kitu, wataviweka vizuri, sehemu ya joto. Wanataka jibu letu." Akamtazama Ardith. "Shemeji, wewe unaonaje? Ukitaka tuendelee hapahapa, tutaendelea."

Moyo wa Ardith uligonga, mara ya kwanza tangu majira ya baridi. Lakini mdomo wake ulikuwa umefundishwa kabla ya moyo.

"Aa, mimi? Msinifikirie mimi. Nyie mna mashamba, kupanda kumekaribia."

Hiyo ni moja. Mtu yeyote wa Havelund anajua hilo si jibu, ni mlango unaopigwa hodi.

"Lakini kweli, shemeji," Gaylen alisema. "Hatutaki kukunyang'anya. Sema tu."

"Hapana, hapana. Fanyeni mnavyoona inafaa."

Mbili. Ardith akaweka kikombe chini. "Haya basi" lilikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi, limekaa mkao wa kutoka. Gaylen alivuta pumzi, akafungua mdomo.

Na king'ora kikalia.

Ni king'ora cha zimamoto, juu ya mnara, kinacholia kila siku adhuhuri ili watu wajue wakale. Kinapolia hakuna anayesema, maana hakuna atakayesikika. Watu hutazama vikombe vyao. Watatu wale walitazama vikombe vyao. Kililia, kikapanda, kikashuka, kikafia mbali, na kilipokwisha Gaylen aliangalia saa, akajipiga mapaja kwa viganja vyote viwili, akasema, "Haya!"

Mtu wa huku akishajipiga mapaja, kikao kimekwisha. Hakuna rufaa. Twila alikusanya sahani. Ardith aliwasindikiza hadi mlangoni, akawashukuru, akasimama akapunga mkono mpaka magari yakapotea nyuma ya ghala.

Ningekuwa mimi ningepiga mayowe, nikakimbilia gari la Gaylen na kulala mbele ya tairi. Ardith aliosha vikombe.

Siku chache baadaye alijaribu. Nawaambieni alijaribu. Alikaa kwenye simu ya jikoni, akajisemea, "Gaylen, sitaki kufunga," akarudia, akapiga.

"Shemeji!" Gaylen aliitikia. "Habari za huko?"

"Nzuri tu. Nilikuwa nataka kukuuliza..."

"Ehe?"

"...kama mvua imefika huko kwenu."

"Imefika kidogo. Na kwenu?"

"Kidogo."

Wakaagana kwa muda mrefu, kama inavyopasa, wakisalimia watu wa kila nyumba. Alipokata simu alibaki ameishika kama mtu aliyesahau alichoendea sokoni.

Basi vitu vikaanza kwenda. Watu wa wilaya walikuja na lori na karatasi za kutia sahihi, wakatia, Gaylen akatia, na Ardith akatia pale alipoonyeshwa. Yeye mwenyewe ndiye aliyefunga taa na vioo kwa magazeti, vizuri, maana kazi mbovu hakuizoea. Pampu ililazwa juu ya mablanketi. Picha ya nyumbu ilipita mlangoni ikiwa imegeuzwa, babu anatazama chini. Wabebaji walipopumzika aliwaletea sandwichi na maji baridi ya limau, akawakaribisha mara tatu, na wao, vijana wa mjini, wakachukua mara ya kwanza.

"Sasa utapumzika, shoga yangu," Twila alimwambia, akimshika bega. Macho ya Twila yalikuwa mekundu.

"Ee, nitapumzika."

"Eti Delmar angesemaje?"

"Angesema sana," Ardith alijibu. Twila akacheka, kisha akageuka akajipangusa pua.

Yakabaki makorokoro ambayo wilaya hawakuyataka: benchi, kile kiti cha Delmar, makopo ya rangi, na kopo moja la kahawa lenye brashi yake ndani. Gaylen alikuja kuyazoa kwa pikapu yake ile Jumamosi ya kabla ya siku ya marehemu. Hakuichagua kwa makusudi, ndiyo siku aliyopata nafasi. Magari yalikuwa yakipita kuelekea makaburini yamejaa maua, na kila dereva aliinua kidole kimoja kwenye usukani kumsalimu Ardith, naye aliinua mkono. Nguzo ya mbele ilikuwa imepauka. Hakuna aliyeipaka mwaka huu.

Gaylen alipakia benchi. Akapakia kiti, akakilaza kwa upande. Akatoka na lile kopo, akalitikisa, brashi ikagonga bati.

"Na hili, shemeji? Wewe unalitaka?"

"Hapana. Litupe tu."

"Una hakika? Lilikuwa la Delmar."

"Nitaliweka wapi? Litupe tu."

Gaylen alitikisa kichwa polepole. Akavaa kofia yake vizuri, akamtazama, kisha akageuka kuelekea pikapu.

Ardith alikuwa amesimama mlangoni. Nyuma yake nyumba ilikuwa tupu na ilitoa mwangwi. Aliuona mgongo wa mwanaume mwenye kofia ukienda kwenye gari, na pale, jamani, ndipo mguu uliokaliwa ulipoanza kurudiwa na damu. Mnaijua hali hiyo. Haianzi kwa raha. Inaanza kwa sindano.

"Gaylen!" alipiga kelele. "Hujaniuliza!"

Gaylen aligeuka. "Nimekuuliza, shemeji. Umesema nilitupe."

"Umeuliza mara mbili!" Sauti ilimpasuka. Jirani wa ng'ambo ya barabara alizima mashine yake ya kukata majani. "Mara mbili! Na siku ile ya king'ora, mara mbili! Na yeye... na Delmar naye, asubuhi ile, mara mbili tu, na mimi mabuti yangu yalikuwa pale..."

Hakumaliza. Maisha yake yote hakuwahi kumpigia mtu kelele barabarani.

Gaylen alivua kofia. Alirudi taratibu, akaja akasimama mbele yake kabisa, kopo amelishika kwa mikono miwili.

"Ardith," alisema. "Unalitaka hili?"

"Nalitaka. Na kiti nakitaka. Na pampu niliitaka, na taa zote, na ile picha ya babu yenu muongo na nyumbu wake niliitaka. Vyote nilivitaka, Gaylen. Nyumba hii niliitaka."

"Loh," Gaylen alisema. Akatazama chini. "Loh, Ardith. Sisi tulidhani tunakutua mzigo. Ulikuwa umekaa kama jiwe. Twila siku ile alilia njia nzima hadi nyumbani. Mimi mwenyewe usiku silali, naona kama nimeiuza nyumba ya binamu yangu." Akalizungusha kopo mikononi. "Mbona hukusema?"

"Na wewe mbona hukuuliza?"

"Nilitaka kuuliza. King'ora..."

"Najua ni king'ora!"

Hapo Ardith akalia. Alilia vibaya, kwa kamasi na kwikwi, ameshika mwimo wa mlango, naye Gaylen, mtu asiyejua mikono aiweke wapi mtu akilia, alisimama tu karibu naye na kopo lake. Alimlilia Delmar na koleo lake kavu. Aliyalilia mabuti. Hakuna aliyesema kwamba vile vilivyokwenda vitarudi, kwa sababu havitarudi. Vimetiwa sahihi, vimetolewa, na kilichotolewa hakidaiwi. Wote wawili walilijua hilo.

Alipotulia kidogo, Gaylen alikwenda kwenye pikapu, akashusha kiti. Akakirudisha ndani, akakiweka pale sakafuni ambapo miguu yake ilikuwa imeacha alama nne. Akashusha benchi. Akashusha rangi. Ardith alipasua gamba la rangi nyekundu kwa bisibisi, akachovya brashi, akaenda kwenye nguzo bila ngazi, akaanza kupaka pale mkono wake ulipofika. Mkanda ulikwenda upande. Rangi ilimchuruzika hadi kiwiko.

Ndipo gari likapunguza mwendo. Lilikuwa na namba za jimbo la Minnesota, na watu wa Minnesota adabu zao ni hizihizi, pengine wanazidi. Mzee na mkewe. Kioo kikashuka.

"Samahani," mzee aliuliza. "Tumesikia hapa kuna makumbusho ya barabara ya zamani."

Gaylen alifungua mdomo aseme hayapo tena.

"Yapo," Ardith alisema. Uso wake ulikuwa umelowa, mkono mwekundu. "Karibuni."

Yule mzee aliitazama rangi, akautazama uso. "Aa, hapana, tusiwasumbue. Tunaona mna kazi."

"Karibuni tu, si taabu."

"Kweli tena, tulikuwa tunapita. Siku nyingine."

Ndani kulikuwa na kiti kimoja, benchi na jiko lililopoa. Ardith aliweka brashi kwenye kopo, akapangusa mkono kwenye sketi yake nzuri, akasogea mpaka kwenye kioo cha gari.

"Babu yake mume wangu," alisema, "alikuwa akivuta magari topeni hapohapo mlipo. Shukeni niwaeleze. Karibuni."

Injini ikazimwa, na milango yote miwili ikafunguka.